Je, Wajua? Samaki wa urefu wa kidole na maji ya Upare

Je, wajua kwamba mji wa Same, ambao abiria wa mabasi ya Arusha wanaukumbuka kwa vumbi na upepo wake, siku hizi unakunywa maji yanayotoka nyumbani kwa samaki asiyepatikana kwingine popote duniani? Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2025 baada ya kusuasua kwa miaka, unachota katika Bwawa la Nyumba ya Mungu. Bwawa hilo limo katika mfumo wa Mto Pangani, na mfumo huo ndio makazi pekee ya barbi mwekundu wa Pangani, ambaye wanasayansi wanamwita Enteromius venustus. Ni mfupi kuliko kidole cha shahada cha mtu mzima. Kaya nyingi zinafungua bomba bila kujua kwamba zina jirani huyo, na yeye wala hana habari za bili.

Barbi ninayemsema si mwanasesere. Ni kundi kubwa la samaki wadogo wa maji baridi, wembamba, wenye magamba yanayometa na, kwa wengi wao, jozi mbili za ndevu fupi kando ya mdomo. Ndevu hizo si pambo. Zina vionjio, kwa hiyo samaki anaonja tope kabla hajalitia kinywani. Afrika ina zaidi ya aina 200 za barbi wadogo, nao wanaishi karibu kila mahali penye maji baridi: kingo za ziwa, kijito cha mlimani, lambo la kunyweshea ng'ombe, mfereji wa mpunga. Ukiona kundi la vijisamaki likigeuka kwa pamoja mara tu kivuli chako kinapoanguka majini, kuna uwezekano mkubwa umekutana nao.

Je, wajua kwamba barbi hana jino hata moja mdomoni? Meno yake yako kooni, juu ya mfupa ulio nyuma ya matamvua. Anameza kwanza, anatafuna baadaye. Tumbo nalo, yaani ule mfuko wa kupokea na kusaga chakula, hana kabisa. Tonge likitoka kooni linaingia utumbo moja kwa moja. Ndiyo maana anakula kutwa nzima, kidogo kidogo: viluwiluwi vya mbu, wadudu walioanguka majini, mwani, mabaki ya majani. Kula sahani moja ya makande asubuhi ukavumilia hadi jioni ni uwezo wa Mpare, si wa barbi.

Je, wajua kwamba anakusikia kabla hujamwona? Barbi na jamaa zake wana mnyororo wa mifupa midogo unaounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani. Kibofu kinatetemeka sauti inapopita majini, mifupa inapeleka mtetemo huo sikioni, na samaki anasikia sauti nyembamba ambazo samaki wengine hawazipati. Mjerumani Ernst Heinrich Weber aliieleza mifupa hiyo mwaka 1820, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Perege hana mnyororo huo. Kwa hiyo katika dimbwi moja, chini ya mti mmoja, perege na barbi hawaishi katika ukimya uleule. Kambale, kwa upande wake, anayo mifupa hiyo, jambo ambalo si habari njema kwa barbi anayewindwa naye usiku.

Halafu kuna king'ora cha ngozi. Mwaka 1938 mtafiti Karl von Frisch, yuleyule aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa kazi zake juu ya mwenendo wa wanyama, wakiwamo nyuki, alieleza kwamba samaki mdogo wa ukoo huu akijeruhiwa ngozi, kemikali inavuja majini na wenzake wanatawanyika hapohapo, hata kama hawakumwona adui. Mdiria akimdonoa mmoja, kijito kizima kina taarifa.

Je, wajua kwamba barbi wadogo wa Afrika na barbi wakubwa wa Afrika wanatofautiana ndani kabisa ya chembe za mwili? Wadogo wana kromosomu karibu 50. Wakubwa, wale wa jenasi ya Labeobarbus ambao nao wanaishi katika Mto Pangani, wana karibu 150, yaani seti sita badala ya mbili. Barbi wa Ulaya wako katikati, na seti nne. Zamani wote hao walitupwa katika jenasi moja kubwa ya Barbus, jina lililogeuka kapu la kila kitu chenye ndevu. Mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba ulisukuma wadogo wa Afrika kwenda Enteromius, jina ambalo Mmarekani Edward Cope alikuwa ameshalitoa tangu 1867. Kitabu chako cha samaki kikiwa cha zamani, usishangae kumkuta jirani yetu akiitwa Barbus venustus. Ni yeye yule.

Huyo jirani ana kisa cha kuchekesha kidogo. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa mwaka 1965, pale mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana. Likajaa, likajaa na wavuvi, kijiji juu ya kijiji. Wataalamu wa viumbe wakaja kulichunguza katika miaka ya 1970, na mmoja wao, Roland Bailey, ndiye aliyemweleza barbi mwekundu kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi, mwaka 1980. Kwa hiyo bwawa lilipewa jina kwanza, mashine za umeme zikafungwa, tani na tani za samaki zikasafirishwa kwa malori, na yule aliyekuwako katika mto ule tangu kale akangoja miaka 15 ndipo naye apate jina. Sioni uonevu hapo, naona kawaida yetu: mto unapimwa kwa megawati na kwa kilo, na samaki asiyejaza kisado hana daftari lake.

Tukiwa bado kwenye majina. Enteromius kerstenii, barbi mwenye doa la rangi ya chungwa kwenye kifuniko cha matamvua, amebeba jina la Otto Kersten, Mjerumani aliyepanda Kilimanjaro pamoja na Baron Carl Claus von der Decken mwaka 1862. Walifika kiasi cha mita 4,200 na kurudi. Miaka mitatu baadaye von der Decken aliuawa Bardera, kando ya Mto Juba, Somalia. Kersten ndiye aliyebaki na kazi ya kuzitayarisha habari za safari hizo ziwe vitabu. Mwaka 1868 Wilhelm Peters wa Berlin akampa samaki jina lake. Wengi wanaoishi chini ya mlima ule hawajawahi kusikia habari za Kersten, lakini samaki wake wako mtoni hadi leo.

Mwaka huohuo wa 1868 Peters alimpa barbi mwingine jina la zanzibaricus. Usimtafute kwenye chemchemi za Unguja, maana nyumbani kwake ni mito ya bara, nyuma ya pwani. Wakati ule, kwa Mzungu aliyekaa Berlin, pwani yote hii ilikuwa "Zanzibar".

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, maana barbi hasomeki nje ya maji yake.

Milima ya Pare ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia Taita, Kenya, hadi Udzungwa. Kilele kirefu zaidi cha Pare ni Shengena, mita 2,462, ndani ya msitu wa Chome, Pare ya Kusini. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi unagonga upande wa mashariki, unapanda, unapoa, unamwaga mvua na ukungu. Ukishavuka kilele na kuteremkia Same umebaki mkavu. Ndiyo maana mtu wa Gonja na mtu wa Makanya wanaweza kuwa wa wilaya moja na lugha moja ya Chasu, huku mmoja anahangaika na matope na mwenzake anahangaika na vumbi, kwa wiki ileile.

Barbi anaijua tofauti hiyo kuliko mchora ramani. Upande wa mashariki mito ya Hingilili na Yongoma inashuka kutoka msituni ikipitia Gonja, Maore na Ndungu, tambarare ya mpunga, na maji yanayobaki yanaelekea Bwawa la Kalimawe na Mto Mkomazi, ambao nao unaingia Pangani. Hapo kuna njia ya majini kutoka mguu wa mlima hadi mto mkubwa, angalau katika miezi ya mvua. Upande wa magharibi mambo ni tofauti. Mto Makanya unakusanya vijito vya Vudee na jirani zake, unateremka kwa kishindo mvua ikinyesha, wakulima wa Makanya wanautega mafuriko yamwagike mashambani, na kinachobaki mara nyingi kinamezwa na mchanga kabla ya kufika Pangani. Mto usiofika mtoni ni barabara iliyokatika. Dimbwi la juu likikauka, hakuna samaki wa kupanda kutoka chini kuja kulijaza tena, mpaka litokee furiko kubwa.

Tena kuna maporomoko. Pare ya Kusini ina ukuta wa mwamba, na mito inaruka ukuta huo kwa vishindo. Maporomoko ya Thornton kule Gonja ni mfano tu. Barbi mdogo ni mwogeleaji mzuri wa kwenda kinyume na mkondo, lakini si mrukaji wa mita kumi. Ndiyo maana katika milima kama hii samaki wa aina nyingi wako tambarare, na kadiri unavyopanda idadi inapungua, hadi unafika vijito safi vya kuvutia visivyo na samaki kabisa. Wageni hudhani maji maangavu ya msituni ndiyo yenye samaki wengi. Barbi wengi wanachagua maji ya rangi ya chai ya maziwa yenye majani ya kujifichia.

Je, wajua ndiva? Mpare anajua, lakini wengine wasogee. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe ambalo Wapare wamekuwa wakilijenga kwenye miteremko tangu zamani, lilindwe na ukoo na lipewe heshima yake. Usiku maji ya kijito yanaelekezwa humo kwa mfereji. Asubuhi lango linafunguliwa na maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Kwa nini usiku? Kwa sababu kijito ni chembamba: ukikiacha kitiririke chenyewe shambani, maji yananyweka na ardhi kabla ya kufika mwisho wa mfereji. Ukiyakusanya usiku kucha na kuyaachia kwa mkupuo, yanafika. Ni hesabu nzuri ya mtiririko, iliyopigwa na watu wasiokuwa na kalamu. Katika kijiji cha Bangalala ndiva ya Manoo ilikarabatiwa ikaongezewa saruji, na watafiti wa maji kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine na vyuo vya Ulaya wameifanyia kazi ndefu.

Kwa macho ya barbi, hata hivyo, ndiva ni hoteli ya usiku mmoja. Samaki anahitaji maji yanayokaa. Ndiva inayojaa saa nne usiku na kukauka saa sita mchana haimfai kitu, na kijito kilichoelekezwa chote ndivani kinaacha mto chini yake ukiwa madimbwi ya hapa na pale. Zamani kulikuwa na kawaida ya kupokezana mchana na usiku, wa juu na wa chini, hivyo mto haukufa wote kwa wakati mmoja. Siku hizi juu kuna tangawizi ya Mamba na Myamba, inayouzwa hadi nje ya nchi na inayopenda maji. Katikati kuna mboga. Chini kuna mpunga wa Ndungu, skimu iliyojengwa kwa msaada wa Japani. Chini zaidi kuna mkonge na ng'ombe. Kila mmoja ana haki yake, na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, iliyoundwa mwaka 1991, inatoa vibali vya kutumia maji kwa wenye mashamba, wenye viwanda na wenye mitambo ya umeme. Sheria ya maji ya nchi inautambua pia mto wenyewe kama mtumiaji, kwamba kiasi fulani kibaki ndani yake. Barbi hajui sheria hiyo, lakini ndiye anayeishi ndani ya hicho kiasi.

Je, wajua kwamba barbi hupima kalenda kwa mvua? Vuli ikianza, au masika, mto unapanda, maji yanabadilika rangi na kupoa kidogo, na samaki wazima wanaanza kusogea: kutoka mtoni kwenda vijitoni, kutoka ziwani kwenda kwenye majani yaliyofunikwa na maji mapya. Hapo wanataga. Mayai yanatawanywa juu ya majani au changarawe na wazazi wanaendelea na safari zao. Hakuna kiota, hakuna ulinzi, hakuna kesi ya matunzo ya watoto. Mlinganishe na perege jike, anayekaa na mayai na vifaranga vyake kinywani bila kula vizuri kwa siku nyingi. Perege anaweka akiba kwa watoto wachache waliotunzwa. Barbi anamwaga mayai mengi na kuliachia furiko limalizie. Furiko lisipokuja, au likaja nusu, mwaka huo kizazi ni chembamba.

Na hapo bwawa linaleta shida isiyoonekana barabarani. Chini ya Nyumba ya Mungu kulikuwa na Kinamasi cha Kirua, eneo kubwa ambalo Pangani ulikuwa ukilifurikia. Tangu bwawa lijengwe, maji yanatoka kwa mpangilio wa mitambo ya umeme: megawati 8 palepale bwawani, 21 za Hale na 68 za Pangani mpya iliyokamilika mwaka 1995. Mtiririko uliosawazishwa ni mzuri kwa mashine. Kwa kinamasi maana yake ni kwamba mafuriko ya kila mwaka yakawa ya nadra, majani ya kutagia yakabaki nchi kavu, na watu wa kandokando wakapoteza malisho na samaki. Ukuta wa bwawa wenyewe nao hauna ngazi ya samaki. Aliye chini amebaki chini.

Juu ya ukuta kukawa na neema ya ghafla. Mabwawa mapya huwa hivyo: ardhi iliyozamishwa inaachia rutuba, mwani unachanua, samaki wanafurika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Nyumba ya Mungu ilivutia wavuvi kutoka pande zote za nchi, hata wa Ziwa Viktoria, wakaja na nyavu zao, mapishi yao na nyimbo zao. Kisha rutuba ikaisha, mavuno yakaporomoka, na mamlaka zimewahi kuufunga uvuvi kwa muda ili samaki wapumue.

Je, wajua kwamba wakati ngege wa asili wa Ziwa Viktoria alipokuwa akitoweka katika ziwa lake, kizazi chake kilikuwa kikiishi Upareni? Ngege, Oreochromis esculentus, alipandikizwa katika bonde la Pangani enzi za mkoloni na akastawi Nyumba ya Mungu. Kwake ilikuwa salama. Kwa perege wenyeji ikawa shida, kwa sababu ngege hawa, pamoja na sato walioletwa baadaye, wanazaana na wa asili mpaka asili inapotea. Perege wa Jipe, Oreochromis jipe, aliyeelezwa na Mwingereza Rosemary Lowe mwaka 1955, leo yuko katika orodha ya walio hatarini mno kutoweka duniani. Barbi hawajaingia kwenye mchanganyiko huo wa damu kwa sababu sato si ndugu yao wa karibu, ila wanagombania nao mwani na kingo.

Ziwa Jipe lenyewe, kwa wasiolijua: liko mpakani mwa Tanzania na Kenya, mguuni mwa Pare ya Kaskazini, kina chake ni kifupi hata boti inaweza kukwama, na matete yanazidi kulifunika kingo hadi wavuvi wanakata njia kwa panga. Maji yake yanatoka Kilimanjaro kupitia Mto Lumi na katika vijito vya Pare, na yanatoka ziwani kwa Mto Ruvu kwenda Nyumba ya Mungu. Si Ruvu ile ya Dar es Salaam, hii ni nyingine.

Matete na mafunjo yakikazana, hewa ya oksijeni majini inapungua. Hapo barbi wana mbinu. Huko Uganda, katika vinamasi vya mafunjo vya Hifadhi ya Kibale, mtafiti Lauren Chapman na wenzake wamewachunguza barbi wa aina ya Enteromius neumayeri kwa miaka mingi. Wanaoishi ndani ya kinamasi wana matamvua makubwa kuliko ndugu zao wa kijito chenye maji ya kukimbia, umbali mdogo tu kutoka hapo. Matamvua makubwa yanakamata oksijeni zaidi, lakini yanabana nafasi kichwani. Pia kinamasi kinawapa hifadhi: sangara na wawindaji wengine wakubwa hawavumilii maji mazito yale.

Je, wajua kwamba kuna jamaa wa barbi hapa Afrika wasio na macho? Chini ya jangwa la Somalia anaishi Phreatichthys andruzzii, hana macho, hana magamba, hana rangi. Watafiti walichapisha mwaka 2011 kwamba saa ya ndani ya mwili wake inazunguka kwa takribani saa 47 badala ya 24, na haijali mwanga hata ukimulikwa. Huko Kongo, katika mapango ya Mbanza-Ngungu, yuko Caecobarbus geertsii, kipofu naye, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa mkataba wa CITES.

Ukienda Ethiopia, Ziwa Tana lina aina 15 za barbi wakubwa waliotokana na chanzo kimoja. Ukienda mto Mekong huko Asia, barbi mkubwa kuliko wote anapita urefu wa mtu.

Malawi wanamla barbi na kumheshimu. Ziwa Chilwa hukauka kila baada ya miaka kadhaa, kama lilivyofanya mwaka 1968 na tena 1995, na kila linapojaa upya, mmoja wa wanaorudi haraka ni Enteromius paludinosus, ambaye wao humwita matemba. Anajificha katika vijito na vidimbwi vya kandokando, mvua ikirudi anatoka na kuzaana kwa kasi. Aina hiyohiyo iko katika bonde letu la Pangani. Peters, tena yeye, alimtaja mwaka 1852 kutokana na samaki wa Quelimane, Msumbiji, na leo anajulikana kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini.

Usimchanganye na yule samaki wa madimbwi ya msimu, Nothobranchius, ambaye naye yumo katika bonde hili. Huyo ana ujanja mwingine kabisa: dimbwi likikauka, samaki wote wanakufa, ila mayai yamebaki ndani ya tope yakisubiri mvua. Barbi hana mayai ya kusubiri. Akikosa maji amekwisha, na ndiyo sababu njia ya kutokea ni muhimu kwake kuliko dimbwi lenyewe.

Na dagaa je? Dagaa wa Mwanza ni jamaa wa mbali wa barbi, wako katika oda moja ya samaki wenye meno kooni. Dagaa wa Kigoma ni ukoo wa sardini wa baharini. Ukiwaweka wote kwenye kikaango hakuna atakayedai nasaba. Watani zetu Wachaga wanadai kwamba Mpare hununua samaki mmoja, akamtundika juu ya meza, na familia ikala ugali kwa kumtazama. Kwa barbi utani huo haufiki mbali: ungelazimika kumtafuta kwa miwani.

Anayemmaliza barbi kimyakimya ni chandarua. Kokoro lina tundu dogo na limepigwa marufuku, lakini chandarua cha mbu kilichokokotwa ukingoni kinabeba kila kitu, pamoja na vifaranga vya perege ambavyo wavuvi wenyewe wanavilalamikia kukosa mwaka unaofuata. Ukingo ndipo barbi anapoishi maisha yake yote.

Je, wajua kwamba hata idadi ya aina zao bado haijatulia? Mwaka 2017 watafiti, akiwamo Wanja Dorothy Nyingi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya barbi wa Kenya. Ndani ya majina yaliyozoeleka walikuta kumejificha aina ambazo bado hazijatambuliwa, na walikuta pia kwamba baadhi zimewahi kuchanganya damu. Mito ya Pare inatazamana na ile ya Taita ng'ambo ya mpaka. Mwanafunzi wa Same anayetafuta mada ya utafiti asiende mbali.

Ukitaka kumwona mwenyewe, nenda upande wa Maore au Ndungu baada ya masika, maji yakishatulia kidogo. Simama jua likiwa mbele yako, ili kivuli kiangukie nyuma. Usigonge mawe kwa viatu, umeshajua kwa nini. Tupa chembe ya ugali. Atakayekuja na doa la chungwa kwenye shavu ni kerstenii. Asiye na doa, ukifanikiwa kumshika, pitisha ukucha nyuma ya mwiba wa pezi la mgongoni: ukikwaruza kama msumeno, yaelekea ni paludinosus. Kisha mrudishe palepale ulipomtoa.